Kabla umnunulie mtoto roboti, mwache awe roboti kwanza

Wazazi huniuliza kama mtoto wa miaka minne ama mitano anaweza kuanza kodingi, yaani kupangia mashine amri za kufuata, na kabla nijibu wanauliza tena wanunue roboti gani. Anaweza, tena vizuri sana. Lakini mimi nikifundisha PP1 na PP2, madarasa ya chekechea, hapa Nairobi, roboti haitoki kwa kabati siku za kwanza, tunaanza na miguu yetu. Nachora miraba na chaki pale nje, mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anampa amri, mbele, mbele, geuka kulia, mbele, na roboti haruhusiwi kujiamulia chochote.

Kazi iko hapo kwa kugeuka. Watoto wengi wakiambiwa "kulia" wanageuka na kupiga hatua wakati huohuo, kwao ni kitu kimoja. Sasa Bee-Bot, ile roboti ya umbo la nyuki kutoka Uingereza, inasonga sentimita 15 kila hatua, lakini ukibonyeza mshale wa kulia inazunguka digrii 90 palepale bila kusonga, na mtoto ambaye hajafanya hivyo na mwili wake atakuambia imeharibika. Na nyuki akiwa amemwangalia mtoto, kulia kwa nyuki ni kushoto kwa mtoto, kwa hivyo namwambia aende asimame nyuma yake. Seymour Papert, mmoja wa waliotengeneza Logo, lugha ya kodingi ya watoto ambapo mtoto anampa kobe amri, huko Marekani mwaka wa 1967, alisisitiza hilo sana, mtoto ajiweke mahali pa kobe anayemwendesha.

Halafu kuna batani ya X kwa Bee-Bot, ya kufuta amri za zamani. Usipoibonyeza, amri mpya zinaungwa kwa zile za aliyetangulia na nyuki anaenda kwingine kabisa. Tafadhali usimbonyezee mtoto! Mwambie apange kadi za mishale sakafuni, apitie moja moja na kidole huku nyuki akitembea. Kuna msichana alisimama kwa kadi ya tatu akasema, "Ticha, hapa bado alikuwa anaangalia mlango." Hiyo ni dibagi kamili, yaani kutafuta amri iliyokosea, na bado hajui kusoma.

Kama una tableti tu, ScratchJr, app ya kodingi ya watoto, ni ya bure, imelengwa miaka 5 hadi 7, na ukishaiweka haili bando. Na kama shule yenu inayo Bee-Bot moja tu, mkeka wake wa miraba usinunue, chukua manila upige miraba ya sentimita 15, watoto wachore wenyewe soko, stage ya matatu na nyumbani, halafu wapange nyuki apitie wapi.