Basi la Kila Siku Ndilo la Kupigwa Picha: Dhana Potofu na Ukweli

Swali ninaloulizwa mara nyingi nikiwa nimesimama karibu na kituo, kamera ikining'inia shingoni, ni hili: "Unamsubiri nani?" Nikijibu kwamba nasubiri basi, tena si la kupanda, mazungumzo huanza. Katika miaka yangu ya kupiga picha mabasi ya mjini nimesikia maneno yale yale kwa wapita njia, kwa madereva, kwa ndugu zangu, hata kwa wapiga picha wa harusi. Mengi husemwa kwa nia njema. Mengi pia si kweli, na yapo yaliyowakatisha tamaa watu waliokuwa na hamu kabla hawajapiga picha hata moja.

"Basi ni basi, yote yanafanana"

Kwa mwenye haraka ya kufika kazini yanafanana, na simlaumu. Lakini basi moja mara nyingi ni kazi ya viwanda viwili. Kimoja hutengeneza chasisi, yaani fremu ya chini pamoja na injini, ekseli (mihimili inayoshika magurudumu) na usukani. Kingine hulivisha bodi. Marcopolo ya Brazili, kwa mfano, hujenga bodi juu ya chasisi za Mercedes-Benz, Volvo na Scania. Kwa hiyo nembo iliyo usoni inaweza kukueleza nusu tu ya habari, na mabasi mawili yenye chasisi ya aina moja yakawa na sura zisizokaribiana kabisa.

Chukua basi la ghorofa aina ya Volvo B9TL. Limebeba abiria London, Hong Kong na Singapore. La London lina ekseli mbili. Mengi ya Hong Kong na Singapore yana tatu, kwa kuwa ni marefu zaidi na hubeba watu wengi zaidi. Ukishalijua hilo, kila basi la ghorofa linapokuja unajikuta unatazama magurudumu kwanza.

Ndiyo maana wapenzi wa mabasi hupendelea pembe inayoonyesha uso na ubavu kwa pamoja, ule ubavu wenye milango. Magurudumu yote yaonekane, namba ya usajili isomeke, na isomeke pia ile namba ndogo ambayo kampuni huliwekea kila basi lake, ambayo kwa kawaida huandikwa ubavuni, mbele au nyuma. Namba hiyo ndogo watu huidharau. Ngoja nikueleze kwa nini mimi siidharau.

"Picha ya basi haimsaidii mtu yeyote"

Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, Rosa Parks alikataa kumwachia abiria mzungu kiti chake ndani ya basi la mjini, akakamatwa. Mgomo wa kutopanda mabasi uliofuata ulidumu siku 381, na dunia nzima ikaujua. Basi lenyewe, lililotengenezwa na General Motors mwaka 1948, liliendelea na kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likauzwa kwa mtu binafsi, akalitumia kama stoo ya mbao na vifaa vyake.

Miongo ikapita, na familia yake ilipotaka kuliuza likaja swali gumu. Utathibitishaje kwamba gofu hili la bati lililoota kutu ndilo lile lenyewe? Nyaraka rasmi za kukamatwa kwa Parks hazikuandika namba ya basi. Kilichookoa ni daftari la vipande vya magazeti lililotunzwa na aliyekuwa msimamizi wa kituo cha mabasi mjini Montgomery. Pembeni ya habari za siku zile alikuwa ameandika kwa mkono: #2857. Daftari likachunguzwa na mtaalamu wa nyaraka, na Oktoba 2001 jumba la makumbusho la Henry Ford, lililoko Dearborn, Michigan, likalinunua basi hilo mnadani kwa dola 492,000. Lilikarabatiwa, na leo mgeni anaweza kuingia ndani yake na kukaa.

Tarakimu nne za kalamu. Yule msimamizi hakuwa mwanahistoria, ila alizoea kuyajua mabasi kwa namba zake, basi akaandika alichokijua. Sisemi kwamba kila picha yangu itakuja kuamua jambo kubwa namna hiyo. Nasema kwamba siku ile hakuna aliyejua kuwa namba ya basi ingekuja kutafutwa, na hata sasa hakuna ajuaye ni basi gani litakuja kutafutwa kesho.

Tena kumbukumbu hizi hazikuanza na kizazi cha simu. Uingereza ina The Omnibus Society, chama cha watu wanaochunguza na kuhifadhi historia ya mabasi, kilichoanzishwa mwaka 1929.

"Ya kupiga ni mabasi ya zamani tu"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoieneza wakati mwingine ni sisi wenyewe.

Routemaster, lile basi jekundu la ghorofa lenye mlango wazi nyuma, lilianza kubeba abiria London mwaka 1956. Yalitengenezwa 2,876. Tarehe 9 Desemba 2005, siku ya mwisho ya huduma yake ya kawaida katika njia namba 159, barabara zilifurika watu wenye kamera. Picha za siku hiyo ni nyingi ajabu. Lakini siku ya mwisho haikuwa sura ya kweli ya basi lile. Maisha yake yalikuwa Jumanne ya kawaida yenye manyunyu, kondakta akikata tiketi, abiria akirukia nyuma basi likiwa limepunguza mwendo. Picha za namna hiyo ndizo unazozitafuta leo kwa tochi, na waliozipiga ni wale wachache waliolipenda basi lile lingali jambo la kila siku.

Malta nako ilikuwa hivyo hivyo. Kisiwa hicho kilisifika kwa mabasi yaliyopambwa kwa mikono ya wenyewe, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva. Julai 2011 yakaondolewa kwenye huduma ya kawaida karibu kwa mkupuo mmoja. Na Shenzhen, nchini China, hadi mwisho wa mwaka 2017 ilikuwa imeyabadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme. Mwenye kulala na kuamka katika mji huo akisema "ya dizeli yapo tu, nitayapiga siku moja" aliachwa na wakati.

Basi la mjini kwa kawaida halina maisha marefu. Hata kabla ya kustaafu hubadilishwa rangi, huhamishwa njia, hubandikwa tangazo jipya, huondolewa viti. Hilo basi jipya jeupe unalolipita kila asubuhi bila kuligeukia shingo ndilo litakalokuwa "la zamani", na sasa hivi ndio wakati ambapo ni rahisi kulipata likiwa safi, kamili, tena mara kumi kwa siku.

"Bila kamera ya bei kubwa usijisumbue"

Basi ni kitu kikubwa, linapita karibu nawe, na kituoni linasimama. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Kosa linaloharibu picha za simu ni kulisogelea mno: lenzi yake ni pana, kwa hiyo ukiwa karibu pua ya basi huvimba na nyuma hunywea. Rudi hatua kumi, ikibidi kuza kidogo, basi litarudi kwenye umbo lake.

"Maandishi ya kibao yamekatika, basi hilo ni bovu"

Kila anayeanza hukutana na jambo hili, na wengi hufuta picha nzuri wakidhani kibao kimeharibika. Umepiga basi vizuri, lakini pale juu ya kioo, panapoandikwa njia na mwisho wa safari, maandishi yametoka vipande vipande au hayapo kabisa. Kwa macho uliyasoma bila shida.

Basi ni zima. Taa za LED za kibao kwa kawaida haziwaki zote kwa pamoja. Huwashwa kwa zamu, safu baada ya safu, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na ubongo wetu ukaziunganisha zikawa neno kamili. Kamera ikifungua na kufunga shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachoingiza mwanga, kwa 1/1000 ya sekunde, inanasa zile safu zilizokuwa zamu tu. Punguza kasi hadi 1/125 au chini ya hapo, kamera inapata muda wa kuona zamu zote zikipita. Vibao hutofautiana: vingine vinasomeka hata kwa 1/250, vingine vinadai 1/60. Piga, tazama, rekebisha.

Sasa tatizo la pili linazaliwa. Kwa 1/125 basi linalokimbia litatoka na ukungu. Njia rahisi ni kulisubiri mahali linaposimama au kupunguza mwendo: kituoni, kwenye taa za barabarani, kwenye kona. Njia ya pili ni kuizungusha kamera pamoja na basi, taratibu, likae pale pale ndani ya fremu unapobonyeza. Hapo mandhari iliyo nyuma ya basi huchorwa mistari, na basi lenyewe hubaki kali. Inahitaji mazoezi mengi, na nitakuwa mkweli, picha nyingi utazitupa kabla ya kupata moja.

Kwa simu, ingia kwenye mpangilio unaokuruhusu kuchagua kasi ya shata mwenyewe. Kama haupo, piga picha tano sita mfululizo. Kila moja itanasa safu tofauti, na huenda moja ikatoka nzima.

Vibao vya zamani havina tabu hii. Vile vya kitambaa kilichoviringishwa, chenye majina ya njia yaliyochapwa, husomeka kwa kasi yoyote. Na vile vyenye vidoti vidogo vinavyopinduka, upande mmoja mweusi na mwingine wa rangi, navyo husomeka, kwa sababu kidoti kikishapinduka kinatulia pale pale.

"Saa sita mchana, jua likiwaka, ndio wakati wake"

Jua la utosini hung'arisha paa na kuacha uso wa basi na magurudumu gizani. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini na nyuma yako, mwanga huingia hadi kwenye rimu. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mabasi meupe na meusi kabisa.

"Kupiga picha basi ni kosa la jinai"

Jibu linategemea uliposimama. Katika nchi nyingi, mtu aliye barabarani, mahali pa umma, anaruhusiwa kupiga picha ya gari linalopita. Polisi wa London wametamka wazi kwamba mwananchi hahitaji kibali kupiga picha mahali pa umma. Kanuni za usafiri wa umma za New York zinaruhusu kupiga picha hata ndani ya vyombo na vituo, ila zinakataza vifaa kama taa za ziada, viakisi mwanga na tripodi (stendi ya miguu mitatu). Zipo pia nchi zenye masharti makali zaidi. Soma sheria ya pale ulipo kabla ya kutoka, siyo baada ya kusimamishwa.

Karakana na maegesho ya kampuni ni habari nyingine: huko ni kwa watu, na huingii bila ruhusa. Omba. Mimi nimekataliwa mara kadhaa, nikashukuru na kuondoka, na nimekubaliwa mara nyingi zaidi ya nilivyotarajia.

Hata panaporuhusiwa, adabu inabaki. Usishuke kwenye ukingo wa barabara ukalifuata basi. Usitumie flashi kamwe kuelekea kwa dereva, hasa usiku: unampofusha mtu mwenye roho za abiria mikononi mwake. Dereva akiinua mkono kuficha uso, shusha kamera. Kuna dereva mmoja aliniona nikihangaika na kibao kilichozimwa mwisho wa njia. Aliwasha, akasubiri nipige, akazima, akaendelea na chai yake. Hatukuzungumza hata neno. Watu wanaoendesha mabasi haya wanajua mtu anapoithamini kazi yao.

"Subiri watu waondoke, wanaharibu picha"

Niliamini hivyo kwa muda mrefu, na nina mamia ya picha za mabasi yaliyosimama peke yake kana kwamba mji umehamwa. Ni safi, ila ukiziangalia tano umeziona zote. Siku hizi naacha foleni iwepo, mradi namba na kibao vionekane. Mavazi, mizigo, jinsi watu wanavyokunja miavuli mlangoni, hayo ndiyo yanayoonyesha basi lilikuwa la nini. Nikitaka kuionyesha picha kwa watu nachagua ile ambayo nyuso za abiria hazionekani waziwazi, na watoto siwaweki kabisa.

"Ukishapiga umemaliza"

Hapa ndipo picha nyingi hufa. Tarehe na saa hufichwa ndani ya faili lenyewe, lakini saa ya kamera ikiwa imekosewa nazo hukosewa, na ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa. Tunza faili la asili mahali pawili. Usiku ule ule andika tarehe, mtaa, njia, namba ya usajili, namba ya kampuni na, kama unaijua, chasisi na bodi. Dakika mbili tu.

Nina picha moja ya karatasi, ya basi la bluu likikata kona, niliyoipiga nikiwa kijana. Nyuma yake hakuna neno. Namba ya usajili imezibwa na nguzo. Nilikaa nayo miaka bila kujua ni ya lini, mpaka siku moja nikaitazama kwa kioo cha kukuzia na kuona tangazo la mchezo wa kuigiza ubavuni mwa basi, na chini yake, kwa maandishi madogo, siku na mwezi. Mwaka haukuandikwa. Bado nautafuta.