Je, wajua kwa nini nchi tajiri zinadaiwa asilimia 0.7?

Kila serikali ya Ulaya inapopunguza bajeti ya misaada kwa nchi maskini, namba hii hutajwa: asilimia 0.7 ya pato la taifa. Nani aliipanga?

Mwaka 1958 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipendekeza nchi tajiri zitoe asilimia 1 ya pato lao. Wazo lilipendwa, ila lilichanganya fedha za serikali na za wawekezaji binafsi, na serikali haiwezi kuahidi fedha za mfanyabiashara. Ndipo mchumi Mholanzi Jan Tinbergen akakokotoa sehemu ya serikali peke yake: uchumi wa nchi maskini unahitaji mtaji kiasi gani ili ukue vya kutosha? Akapata takriban 0.75. Mwaka 1969 tume ya Lester Pearson, waziri mkuu wa zamani wa Kanada, ikataja 0.7, na tarehe 24 Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha.

Lakini tazama maneno ya azimio. Kila nchi iliyoendelea itafanya juhudi zake zote kukifikia kiwango hicho kufikia katikati ya muongo wa 1970. Halisemi itatoa. Marekani haikukubali kufungwa na lengo hilo, na Kanada ya Pearson mwenyewe haijawahi kulifikia. Mwaka 2024 zilizofikia zilikuwa nne tu: Norwe, Luxembourg, Uswidi na Denmark.

Uingereza inafundisha zaidi. Ilifika mwaka 2013, ikaweka lengo kwenye sheria 2015, kisha ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na sheria ikiwa palepale. Iliwezekanaje? Sheria hiyo inamtaka waziri akishindwa aeleze Bunge sababu. Basi. Hakuna mahakama ya kumbana, na aliyeahidiwa hana pa kudai.

Hapo ndipo naona kosa lilipo. Muislamu anayetoa zaka, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) na kutimiza mwaka, anajua kwamba Qurani inazungumzia haki maalumu ya mwombaji na aliyenyimwa ndani ya mali ya mwenye nacho. Maskini anapokea kilicho chake. Misaada ya mataifa bado inahesabiwa kuwa hisani, hata baada ya kuahidiwa kwa kura, na hisani hukatwa bila kumuuliza mpokeaji. Mama aliyefika zahanati akaambiwa dawa zimeisha kwa sababu mfadhili amejitoa anastahili maelezo yale yale anayopewa mbunge wa London, na anastahili kuyapata kabla fedha hazijakatwa.