Upasuaji wa Moyo Haukuanza na Barnard

Uliza upasuaji wa moyo ulianza lini, na wengi watakutajia Christiaan Barnard, Cape Town, Desemba 1967. Kupandikiza moyo kulitikisa dunia, ni kweli. Lakini miaka 71 kabla ya hapo, tarehe 9 Septemba 1896, Ludwig Rehn wa Frankfurt alimpasua kifua kijana aliyechomwa kisu, akakuta jeraha kwenye moyo, akalishona kwa uzi wa hariri. Sindano aliipitisha moyo ulipolegea kati ya pigo na pigo. Kijana akapona. Daniel Hale Williams, daktari Mmarekani mweusi wa Chicago, alitangulia mwaka 1893, ila yeye alishona mfuko unaouzunguka moyo, si moyo wenyewe.

Dhana nyingine ni kwamba sifa zote ni za aliyeshika kisu. Hili huniuma. Mwaka 1944, huko hospitali ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto mdogo aliyekuwa akigeuka rangi kuwa bluu kwa kukosa oksijeni. Wazo la kuongeza damu iendayo kwenye mapafu lilitoka kwa Helen Taussig, daktari wa watoto. Njia yenyewe ilifanyiwa majaribio maabara, kwa mbwa, na Vivien Thomas, mtu mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari kwa sababu akiba yake ya masomo ilipotea uchumi ulipoporomoka. Siku ya upasuaji Thomas alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kuna pia wanaoamini kwamba mashine ya moyo na mapafu ilipopatikana, mambo yalinyooka. Tatizo lililoisubiri mashine hiyo lilikuwa kubwa: huwezi kufungua moyo na kuziba tundu ndani yake huku damu ikipita, na ukiizuia damu, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache. Daktari wa upasuaji John Gibbon na mkewe Mary walihangaika na jambo hilo tangu miaka ya 1930. Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, mashine yao ilibeba kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa dakika 26, naye akapona. Wagonjwa waliofuata walifariki. Gibbon akaacha.

Mwaka uliofuata, Minneapolis, daktari wa upasuaji Walton Lillehei akaamua kutumia binadamu badala ya mashine. Mtu mzima, mara nyingi mzazi, alilazwa karibu na mgonjwa, mirija ikaunganishwa, na moyo na mapafu yake yakawafanyia kazi wote wawili wakati moyo wa mtoto uko wazi. Mtoto wa kwanza, ambaye baba yake ndiye aliyejitolea, alifariki siku 11 baadaye kwa nimonia. Hata hivyo wazazi wengine waliendelea kuja, wakijua kwamba wao wenyewe walikuwa wazima na hawakuhitaji kulala juu ya meza ile. Mama mmoja aliumia vibaya ubongo. Wagonjwa waliofanyiwa hivyo walikuwa 45. Waliorudi nyumbani ni 28.