Si kila kontena ni moduli

Hapa Tanga neno moduli limeshuka bei. Kontena la futi 20 likitobolewa dirisha, likapakwa rangi na kufungwa feni, tayari linaitwa nyumba ya moduli. Kibanda cha paneli za bati zenye povu katikati, nacho moduli. Tangu kazi ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kuja Chongoleani ianze, na watu kuzoea kuona vyumba vya kambi vikishushwa kwenye lori, wauza nyumba wamelidaka neno hili na hawaliachii.

Maana yenyewe ni fupi. Ujenzi wa moduli ni kuligawa jengo, tangu kwenye michoro, liwe vyumba au vipande vya vyumba vyenye sakafu, kuta na dari; kuvimalizia kiwandani hadi nyaya, mabomba na vigae; kisha kuvipeleka saiti, kuvipanga juu ya msingi uliokwisha andaliwa na kuviunganisha. Basi.

Paneli ni ukuta. Inafika imelala, inasimamishwa, halafu fundi umeme na fundi bomba wanaanza kazi pale pale kiwanjani kama siku zote. Ni njia nzuri, na ina faida yake: lori moja linaweza kubeba kuta za nyumba nzima, wakati lori la moduli linabeba chumba kimoja na hewa iliyomo ndani. Ila kazi kubwa bado inabaki kiwanjani, na hilo ndilo moduli inalikimbia.

Kontena nalo lilitengenezwa kubeba mizigo melini. Upana wake wa ndani ni kama mita 2.35. Weka kitanda cha sita kwa sita, inabaki nafasi ya kupita kwa ubavu, tena kabla hujapiga ubao wa kuzuia joto, na bila ubao huo mwezi wa pili hapa kwetu hulali. Nguvu zake ziko kwenye nguzo nne za pembe na kwenye mikunjo ya kuta. Ukiukata ukuta mzima ili upate sebule pana, unatakiwa kurudishia fremu ya chuma, na wachomeleaji wengi hupita hapo kimyakimya. Sibishi kwamba kontena linaweza kuwa moduli. Linaweza, likiwa limechorwa hivyo na kumaliziwa hivyo. Kulinunua bandarini kwanza na kuwaza vyumba baadaye ni kazi ya namna nyingine.

Wapo pia wanaodhani moduli lazima iwe ya chuma na itoke ng'ambo. Habitat 67 ya Montreal, jengo alilosanifu Moshe Safdie kwa maonyesho ya mwaka 1967, ni masanduku 354 ya zege, na yalimwagwa kwenye karakana iliyokuwa jirani na jengo lenyewe, yakainuliwa na kreni. Clement Canopy ya Singapore, iliyokamilika mwaka 2019, ina minara miwili ya ghorofa 40 kila mmoja, nayo ni moduli za zege. Kwa hiyo si malighafi wala umbali wa kiwanda unaoamua. Kinachoamua ni mpangilio wa kazi, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Kwenye ujenzi tuliouzoea, michoro ni pendekezo. Mwenye nyumba anafika saiti jioni, anaona mlango ungependeza upande wa baharini, fundi anaziba huku na kutoboa kule, plasta inafunika. Kwenye moduli kuna siku michoro inafungwa. Mahali pa kila soketi, kila bomba la maji machafu na kila mlango pameamuliwa kabla chuma cha kwanza hakijakatwa. Ukibadili mawazo baada ya hapo, hubadilishi mlango mmoja. Unagusa fremu, unagusa njia ya nyaya, pengine na moduli ya jirani. Msanifu, mhandisi na watu wa kiwanda wanapaswa kukaa meza moja mapema, ilhali kawaida yetu mkandarasi huletwa michoro ikiwa imeshapigwa muhuri.

Siku hiyo ikipita, kazi mbili zinakwenda kwa pamoja: kiwanda kinatengeneza vyumba na saiti inamwaga msingi. Uharaka unaosifiwa unatoka hapo. Hakuna fundi anayepiga nyundo kwa kasi ya ajabu. Ni msingi kutosubiriwa na kuta. Lakini msingi huo hauna wa kuusamehe. Boliti za kushikia moduli zikikaa nje ya mahali pake kwa sentimita mbili tu, hakuna plasta ya kuficha, na chumba cha tani kadhaa kinaning'inia juu huku watu wakitazamana. Mpima anatakiwa kuzihakiki boliti na kiwanda kupata vipimo vyake kabla mzigo haujaondoka.

Usafiri nao ni sehemu ya usanifu, ingawa wengi huufikiria mwishoni. Moduli pana kuliko kontena haishughulikiwi bandarini kama kontena; ni mzigo kichele, yaani unaopakuliwa peke yake nje ya kontena. Bandari ya Tanga imeongezewa kina na meli sasa zinafunga gatini, tofauti na zamani zilipotia nanga mbali na mizigo kushushwa kwa matishari. Hilo limesaidia. Bado kuna barabara: mzigo uliozidi vipimo unahitaji kibali maalumu cha TANROADS, wakala wa barabara, na ukishaingia mjini kuna nyaya za umeme zilizolegea na miembe ya Ngamiani isiyojua kibali. Upana wa chumba unaanzia kwenye njia atakayopita dereva.

Siku ya kupandisha, mpangilio ni ule ule. Kreni inalipiwa kwa siku, iwe imeinua au imelala kwa sababu ya upepo. Malori yafike kwa zamu ya kupandisha, siyo kwa zamu ya nani aliwahi kutoka kiwandani. Na masika hayangoji: moduli ikikaa bila kufunikwa sehemu ya kuungia, maji yanaingia kwenye dari iliyokwisha pakwa rangi. Kwa mji wa pwani ningetazama zaidi viungo hivyo kuliko kuta, maana chumvi huanza kula chuma pale rangi ilipokwaruzwa na minyororo.

Jambo ambalo matangazo hayaligusi ni fedha. Wengi wetu tunajenga kidogokidogo: msingi mwaka huu, kuta hadi lenta mwaka ujao, bati Mungu akijalia. Moduli haikubali mwendo huo. Sehemu kubwa ya malipo inatoka wakati kiwanja bado ni jamvi tupu la zege, na jengo lako liko kwenye karakana ya mtu mwingine. Mkadiriaji majenzi wako lazima aende huko kuhakiki kilichofanyika kabla ya kila malipo, na mkataba useme vyumba ni vya nani kiwanda kikifungwa ghafla.

Kwa hiyo ndugu anayekuuzia nyumba ya moduli, muulize kwa upole: michoro inafungwa lini, na vipimo vya boliti za msingi nitapewa wiki gani? Akikujibu kwamba hayo utapanga na fundi wako mzigo ukishafika, anauza kontena. Linunue ukilipenda, wapo wanaokaa humo vizuri tu, ila ulipe bei ya kontena.