Kabla hujajaza Sayansi ya Siasa kwenye maombi ya chuo

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na dirisha la udahili kufunguliwa, vijana wa tahasusi za sanaa huulizana maswali yaleyale, na majibu wanayopewa na wajomba, walimu na makundi ya WhatsApp mengi yake hayana mashiko. Sayansi ya Siasa ndiyo inayozushiwa zaidi. Namwandikia hasa aliye Tanzania, anayelenga Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Dodoma au chuo kingine chenye programu hii. Mengi yatamfaa pia wa Nairobi na Makerere, ambako idara inabeba jina lilelile la Mlimani: Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma.

"Anayesoma siasa anataka ubunge"

Hii ndiyo inayowatisha wazazi. Mtoto akitaja Sayansi ya Siasa, baba anaona majukwaa, mabomu ya machozi na mahabusu. Basi tuanze na sheria. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Shahada haimo. Kenya sheria ya uchaguzi inamdai shahada anayegombea urais au ugavana, lakini haisemi iwe ya fani gani.

Tena watazame waliofika juu. Mwalimu Nyerere alisomea ualimu Makerere kabla ya kwenda Edinburgh. Mkapa alisoma Kiingereza, Kikwete uchumi, Magufuli kemia. Hussein Mwinyi ni daktari wa binadamu, Ruto alisoma botania na zuolojia. Yoweri Museveni, aliyekuwa Mlimani kuanzia 1967 hadi 1970, ndiye aliyesoma sayansi ya siasa. Anayetaka cheo tu ana njia fupi kuliko kukaa miaka mitatu darasani.

Kinachofundishwa darasani ni namna ya kuuliza. Chukua Zanzibar. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, na visiwa vikaingia katika mgogoro wa miaka mingi. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Pengo ni lilelile la kiduchu, wafuasi ni walewale, lakini safari hii Maalim Seif alikubali matokeo na akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mpenzi wa chama anauliza nani alishinda kihalali. Mwanafunzi wa fani hii anauliza kilichobadilika katikati: maridhiano, marekebisho ya Katiba ya Zanzibar, kura ya maoni ya Julai 2010 iliyopita kwa takriban theluthi mbili, na kanuni mpya iliyomhakikishia wa pili nafasi serikalini. Halafu analazimika kuuliza swali gumu zaidi: mbona kanuni hiyohiyo haikuzuia uchaguzi wa 2015 kufutwa, na CUF, chama cha Maalim Seif, kususia marudio ya Machi 2016? Ukiona swali kama hilo linakunyima usingizi, fani hii ni yako. Ukiona linakuchosha, afadhali ulijue sasa.

"Ni maneno matupu, hesabu hakuna"

Wengi huikimbilia Sayansi ya Siasa kwa sababu wanakimbia hisabati, na hapa ndipo wanapoumia. Kozi za mbinu za utafiti na takwimu zimo, na ndizo zinazotenganisha mhitimu anayetafutwa na yule anayezungusha bahasha.

Nitoe mfano mmoja kwa undani. Utafiti wa Afrobarometer, unaopima maoni ya wananchi katika nchi za Afrika na ambao kwa Tanzania umesimamiwa kwa miaka mingi na taasisi ya utafiti ya REPOA, huwahoji watu 2,400 hivi katika nchi yenye makumi ya mamilioni. Mtu wa kawaida anasema: mimi sikuhojiwa, wala jirani yangu, basi ni uongo. Ukweli ni kwamba ukubwa wa nchi hauna uzito mkubwa hapo. Kinachotawala ni namna watu walivyochaguliwa, na idadi yao. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, ukigawa moja kwa kipeuo cha pili cha idadi yao unapata makadirio ya haraka ya kosa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupishana na hali halisi: kwa watu 1,200 ni kama asilimia 3, kwa 2,400 ni kama asilimia 2. Ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 1 huwezi kuwaongeza mara mbili tu, itabidi uwahoji karibu 10,000. Ndiyo maana watafiti huishia hapo. Na ndiyo maana kura ya maoni ya mtandaoni iliyopigwa na watu laki moja waliojileta wenyewe inaweza kukosea vibaya kuliko hiyo ya 2,400.

Ukishaelewa hilo, hutasoma tena gazeti kwa macho yaleyale. Mgombea mmoja ana 48, mwingine 50, kichwa cha habari kinasema fulani anaongoza. Wewe unajua kwamba kwa sampuli hiyo haiwezekani kusema hivyo kwa uhakika.

Takwimu peke yake nazo hazitoshi. Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuuliza kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 80 walisema mfumo wa chama kimoja uendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi, vikaanza 1992. Wapo wanaosema wananchi walipuuzwa. Ila wengi katika hao asilimia 80 walitaka pia mabadiliko makubwa ndani ya mfumo huohuo, na swali la haki za wale wachache halimalizwi kwa kuhesabu vichwa. Hapo unahitaji nadharia ya siasa, ile kozi ambayo wanafunzi huiona ya kukariri majina ya Wayunani. Nadharia inakufundisha kutofautisha "wengi wanataka" na "ni haki".

Ushauri wangu kwa aliye nyumbani akisubiri chuo: data za Afrobarometer zinapatikana bure mtandaoni, na maswali yake yameandikwa kwa Kiswahili. Yasome. Ukiwa na kompyuta, jifunze kuchora jedwali moja tu kwa Excel. Utaingia darasani ukiwa mbele.

"Haina ajira"

Sitamdanganya mtu: wahitimu ni wengi na nafasi ni chache, katika fani hii na katika nyingine nyingi. Lakini anayesema haina ajira kwa kawaida amemtafuta mtu mwenye cheo cha "mwanasayansi ya siasa" akamkosa. Mkaguzi wa hesabu ana cheo chake, nesi ana chake. Mhitimu wa siasa anaingia kwa milango yenye majina mengine: afisa tarafa, mtendaji wa kata, afisa utumishi, afisa mambo ya nje, mtafiti msaidizi, afisa mradi katika shirika lisilo la kiserikali, mwandishi wa habari.

Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, fungua matangazo ya miezi iliyopita, nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha sifa za mwombaji. Andika kwenye daftari ni shahada zipi zimetajwa kwa jina. Utaona haraka kwamba neno "Utawala wa Umma" katika jina la shahada linafungua baadhi ya milango ambayo "Sayansi ya Siasa" pekee haiifungui, na kwamba kwingine kinachotajwa ni uhusiano wa kimataifa au maendeleo ya jamii. Jina la programu si urembo. Liangalie kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, maana kubadilisha ukishaanza ni usumbufu.

Nimesoma maombi mengi ya vijana wanaotaka kazi ya utafiti. Wanaofanana ni wale walioandika "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Anayeitwa kwenye usaili ni yule aliyeambatisha kurasa tatu alizoziandika mwenyewe, zenye swali moja, ushahidi na hitimisho linaloeleweka.

"Lazima uwe umesoma HGL"

Hapana. HGL ni tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza, lakini HGK (yenye Kiswahili badala ya Kiingereza), HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGE (yenye Uchumi) na nyingine hukubaliwa, kulingana na masharti ya chuo husika. Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaorodhesha kila programu na masomo yake. Kima cha chini cha jumla kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Maana yake C na E zinakuruhusu kuomba. Kuruhusiwa kuomba na kuchaguliwa ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa programu zinazogombewa hupanda zaidi ya hapo.

Mkopo nao una njia yake: kupata chuo hakukupi mkopo. Bodi ya Mikopo ina maombi yake, nyaraka zake na tarehe zake. Na ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Liweke hilo kwenye mipango.

"Mwaka wa kwanza ni wa kuzoea"

Kauli hii imeharibu wengi. GPA yako ya mwisho, yaani wastani wa alama zako zote za chuo, inabeba mwaka wa kwanza kama inavyobeba wa tatu. Katika mfumo wa 5, daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.8, na kozi zikiwa na uzito ulio sawa, utahitaji wastani wa 3.85 miaka miwili mfululizo ili tu kufika hapo. Ufadhili mwingi wa shahada ya uzamili huulizia daraja hilo, na anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi huambiwa 3.8. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) la kwanza na uhuru wa hosteli ni vitamu, lakini semina za muhula wa kwanza zinahesabiwa.

"Watakugeuza mtu wa chama"

Bashiru Ally alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa Mlimani kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018. Hayati Profesa Mwesiga Baregu alifundisha idara hiyohiyo, naye alikuwa kiongozi wa Chadema. Sina la kuongeza.

"Kozi za hiari chukua zilizo rahisi"

Hapa ndipo shahada mbili zenye jina moja zinapoachana. Mwenye kozi za uchumi na takwimu anaelekea kwenye sera na bajeti. Mwenye sheria ya katiba na utawala wa serikali za mitaa anaelekea halmashauri. Mwenye Kifaransa au Kiarabu anaelekea ubalozini na kwenye mashirika ya kimataifa, na lugha haijifunzwi mwaka wa mwisho. Chagua mwelekeo mmoja kufikia mwanzo wa mwaka wa pili, ukiwa na lile daftari la matangazo mkononi.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nayo iendane na mwelekeo huo. Wengi huomba ofisi iliyo karibu na nyumbani ili kuokoa nauli, na sababu hiyo inaeleweka, lakini hata halmashauri ya wilaya yenu ina mengi ukijua pa kukaa. Usikubali kumaliza wiki zote ukipanga mafaili masjala. Omba uhudhurie kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, omba usome muhtasari wa kikao cha baraza la madiwani, fuatilia mradi mmoja wa zahanati au darasa tangu ulipoibuliwa kijijini hadi fedha zilipofika au zilipokwama, na uandike ni nani aliamua nini katika kila hatua. Barua ya kuomba nafasi ipeleke mapema, kabla wenzako hawajapanga foleni.