Ukitaka kujua nani ana haki ya ardhi Masisi, angalia kilichopandwa

Ukitoka Sake kupanda Mushaki, katika Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, barabara inaanza kujipinda na vilima vinafunguka: majani mpaka macho yanapoishia, senyenge, ng'ombe. Wakazi wengi wa Goma wanaopita hapo hudhani nchi iliumbwa hivyo. Kumbe zamani zisizo za mbali sana sehemu kubwa ya vilima hivyo ilikuwa msitu, na majani tunayoyasifu yaliletwa na maamuzi ya ofisini kuliko na mvua.

Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na jembe likapigwa marufuku humo. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyowagawia walowezi ardhi. Kahawa, chai na pareto vilihitaji mikono, hivyo kati ya 1937 na 1955 utawala wa kikoloni ukahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi. Wakulima walilazimishwa pia kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kazi iliyochukiwa hata baada ya uhuru mitaro mingi ikaachwa ijae udongo. (Mtaalamu anayekuja leo na mchoro wa mtaro uleule ajue anawakumbusha wazee nini.)

Kwa maoni yangu, sura ya vilima ilibadilishwa zaidi na mwaka 1973. Sheria ya ardhi ya Julai 20 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Mtu binafsi anapewa konsesyo tu, yaani haki ya kuitumia. Novemba 30 Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba ya wageni yanakabidhiwa Wazaire (ndivyo Wakongo walivyoitwa wakati huo), na wengi walioyapata walikuwa watu wenye jamaa serikalini. Sasa piga hesabu kama mwenye konsesyo anayeishi mjini. Kahawa inataka watu wa kupalilia, kuchuma na kukausha. Ng'ombe mia wanataka wachungaji wachache. Mibuni mingi iling'olewa, majani yakachukua nafasi. Jibini ya Masisi tunayokula Goma inatoka humo. Ni tamu, sikatai.

Mkulima wa kawaida je? Kifungu cha 389 cha sheria ileile kiliahidi kwamba haki juu ya ardhi za kimila zitapangwa kwa amri ya rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutiwa saini. Shamba alilorithi kwa babu, kwa idhini ya mwami, yaani chifu wa kimila, likabaki njia panda: kijiji kinamtambua, kadastre, ofisi inayoandikisha ardhi, haimjui.

Simama basi mbele ya mteremko mmoja tu. Juu, ndani ya senyenge, ni majani. Chini, pale penye mteremko mkali zaidi, kuna kipande cha maharagwe kisicho na mti hata mmoja. Pembeni, mikaratusi kwa mistari. Maharagwe yanakomaa kwa miezi kama mitatu. Mbuni unakusubirisha miaka mitatu au minne. Anayelima kwa salongo, yaani anafanya kazi siku kadhaa za wiki kwa mwenye ardhi ili aruhusiwe kulima kipande, hawezi kupanda kitu cha miaka. Hata akitaka, mara nyingi anakatazwa, kwa kuwa mti ni ushahidi: aliyeupanda kesho atadai ardhi. Tukimlaumu kwa kuacha udongo wazi, tunamlaumu kwa mapatano ambayo si yeye aliyeyapanga.

Mikaratusi nayo hupandwa kwa hesabu hiyohiyo ya ushahidi, safari hii na mwenye ardhi. Inaonyesha kwamba pana mwenyewe, ikikatwa inachipua tena kwenye kisiki, na Goma inapika kwa makala, yaani makaa ya miti. Wakulima wanailalamikia kwamba inakausha ardhi na chini yake hakioti kitu cha maana. Ni kweli, lakini gunia la makala ya mti uliopandwa ni gunia ambalo halikutoka Virunga.

Vita navyo vimepita juu ya haya yote. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda, na kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zikawa kando ya hifadhi; kuni zilikatwa humo mpaka 1996. Baadaye watu waliokuwa wametawanyika vilimani walisogea barabarani. Kitchanga, kituo kidogo cha biashara, kikawa mji kwa sababu ya waliohama makwao. Rubaya ikaongezewa watu na madini ya koltani.

Huko walikohama, migomba inamezwa na kichaka na ua wa minyaa unakatwa. Anayerudi baada ya miaka anakuta ng'ombe wa mtu, au jirani analima, pengine ana karatasi mkononi. Kwa mwenye nia ya kurudi, ushauri wetu ni kuzunguka shamba pamoja na wazee na majirani kabla ya kupanda chochote, na kumwomba chifu aandike mnachokiona: mibuni ya zamani, visiki, mawe ya msingi wa nyumba, makaburi. Yafanyeni kabla ya msimu, kwa sababu jembe likishapita nyingi ya alama hizo hazionekani tena.