Kibofu kinapochelewa kuamka baada ya upasuaji

Wagonjwa ninaowachoma ganzi ya mgongoni huniuliza miguu yao itapata nguvu lini, na ni wachache wanaouliza kuhusu mkojo, ilhali mara nyingi kibofu ndicho huchelewa zaidi kuamka. Mishipa ya fahamu inayokifanya kibofu kijikaze hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, na ganzi huizima ndani ya dakika chache, pamoja na ile inayoujulisha ubongo kwamba kibofu kimejaa. Bupivakaini, dawa ya ganzi tunayoichoma mgongoni, hudumu kwa muda mrefu, kiasi kwamba misuli ya kibofu huweza kuhitaji saa 7 au 8 ili irudie nguvu zake, hivyo mgonjwa anaweza kuwa ameshaanza kutembea na bado asiweze kukojoa.

Ndiyo maana mgonjwa akiniambia kwamba hasikii mkojo, siridhiki. Mtu mzima kwa kawaida huhisi kujaa kibofu kinapofikia mililita 300 hivi, lakini aliyepigwa ganzi huweza kupita kiwango hicho bila kuhisi lolote, huku maji ya dripu yakiendelea kuingia. Kibofu kikitanuka kupita kiasi kwa saa nyingi, misuli yake huumia, na shida ambayo ingekwisha siku hiyohiyo huweza kuendelea kwa muda mrefu. Hata mkojo unaochuruzika kidogo kidogo si dalili ya nafuu, kwani huenda ni kibofu kilichofurika.

Nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi, nayo huathiri sehemu ya ubongo inayoratibu kukojoa, atropini, dawa ya kuharakisha mapigo ya moyo yanapopungua, hulegeza misuli ya kibofu, na mofini, dawa kali ya maumivu, hasa ikidungwa mgongoni, huongeza shida. Hata hivyo si haki kuilaumu dawa peke yake: maumivu baada ya upasuaji wa bawasiri au ngiri hufunga njia ya mkojo, na mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba yuko hatarini zaidi, naye namsihi atueleze mapema.

Wodini, kumsaidia mgonjwa asimame au aketi mahali pa faragha huweza kutosha. Isipotosha, tunapima kibofu kwa ultrasaundi, na tukikuta takriban mililita 600 asizoweza kuzitoa, tunaweka mpira wa mkojo, ambao mara nyingi hauhitaji kukaa muda mrefu. Aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, zikipita saa 6 hadi 8 bila kukojoa, arudi hospitalini hata kama hasikii maumivu yoyote.